Giza la Viti vya Pembeni

Colonia Berardi, Jumatano 6 Mei 2015

Mjomba wangu Aurelio,

Shikamoo. Simu huisikii tena na kompyuta huitaki, kwa hiyo barua hii nimeilaza ndani ya sanduku la diski ya filamu. Dereva wa basi ataliacha hapo kituoni Rosario kama kawaida, nawe utakapolibeba kulirudisha kwa wasambazaji utaikuta juu ya sifongo. Usiikalie kama ulivyoikalia kadi yangu ya Krismasi.

Nina shida. Tangu Machi, ukumbi wetu wa Chama cha Kusaidiana cha Waitaliano ulipoagana na mashine ya mikanda na kupata projekta ya kidijitali, watu hawakubaliani juu ya jambo ambalo kila mwenye macho angeweza kulimaliza: picha ina mwanga au haina? Wanaokaa katikati wanasema ni kama adhuhuri. Wanaokaa pembeni wanasema ni kama ghalani. Wala si utani. Familia za karakana ya reli, ambazo tangu enzi za babu hukaa pembeni, zimeanza kubaki nyumbani. Mimi natazama kupitia kidirisha cha chumba cha mashine, huku juu nyuma, katikati kabisa, na naona picha safi. Nimwamini nani?

Mzee Ovidio Peruzzotti, mwenyekiti wetu, ameshasema mbele ya watu kwamba viti vikiendelea kuwa vitupu, mkutano mkuu wa tarehe 30 Agosti utapiga kura: projekta iuzwe, ukumbi upangishwe kwa wenye duka la friji na majiko. Unajua hilo lina maana gani kwangu. Niliingia humu nikiwa msichana wa kuchana tiketi. Sijui kazi nyingine na sitaki kuijua.

Wewe umefundisha elimu ya mwanga chuoni mpaka umeota mvi. Huku kila kitu ni kipya sasa, na sijui nianzie wapi. Niambie mashine ina nini.

Mpwa wako,
Nilda Ferrero


Rosario, 13 Mei 2015

Mwanangu Nilda,

Marahaba. Barua sikuikalia. Niliisoma nimesimama kituoni, mpaka mwenye kibanda akaniuliza kama kuna msiba.

Tuanze mwanzo, na usiniharakishe. Ndani ya projekta yako kuna kipande kidogo, hakizidi stempu mbili tatu, kilichopangwa vioo vidogo mno vyenye kugeuka. Taa hukimwagia kipande hicho mwanga wake wote. Kioo kinachohitajika huuelekeza mwanga kwenye lenzi. Kisichohitajika huutupa kando, ukapotea. Sasa sikiliza: umbo la kipande hicho halibadiliki, lakini filamu zina maumbo zaidi ya moja. Zile za kawaida hukijaza karibu chote. Zile pana, za mapigano na majangwa, huacha ukanda mtupu juu na ukanda mtupu chini. Taa haina habari. Inaendelea kuzimwagia zile kanda mwanga unaokwenda bure. Halafu ile picha iliyobaki unaivuta kwa lenzi hadi ijaze upana wa skrini, ndipo mwanga uliopungua unatandazwa mahali palipoongezeka. Mwagilia bustani kwa bomba linalolowesha pia njia ya mawe, utaelewa.

Kwa hiyo nijibu mambo matatu. Wanalalamika kwa filamu zote, au zile pana tu? Sehemu gani ya picha ndiyo yenye giza? Na kile kioo cha kidirisha ambacho mwanga hupitia, kimefutwa lini? Kifute pande zote mbili kwa kitambaa laini. Gazeti usitumie, litakikwaruza.

Mjomba wako,
Aurelio Zanardi


Colonia Berardi, 20 Mei 2015

Mjomba,

Kioo nimekifuta. Kilikuwa na mafuta ya soseji za sherehe ya mwaka juzi, maana Chama huchoma nyama uani na moshi wote hupanda kwangu. Picha imetakata kidogo. Wa katikati wamenipongeza. Wa pembeni hawakuona tofauti.

Wanalalamika kwa filamu zote, ila zile pana ndizo mbaya zaidi. Hapo uliotea vizuri. Lakini sehemu gani yenye giza? Hapo ndipo kichwa kinaponiuma. Nilimshika Casilda Maciel mlangoni, yule mshonaji ambaye mumewe hupaka rangi mabehewa karakanani. Wao hukaa kushoto.

“Casilda, dada, giza liko wapi hasa?”

“Kulia. Mtu akiwa upande wetu namwona mpaka vifungo vya shati. Akivuka kwenda upande wa pili, anazama kama aliyeshuka stoo ya mvinyo.”

Nikaandika kulia. Akatokea Rufino, fundi wa breki, wa viti vya upande wa kulia. “Nani kasema kulia? Kushoto ndiko giza! Kulia kuko sawa.”

“Rufino, uliingia na miwani ya nani?”

“Casilda, wewe shona.”

Wakaondoka kila mmoja akiwa na hakika yake, na mimi nikabaki na karatasi yenye maneno mawili yanayopingana. Mzee Peruzzotti alikuwa akisikiliza, amekunja mikono nyuma. “Unaona, binti? Hata uongo wao hawajaupanga. Hawa hawajatusamehe tangu mgomo wa reli, Chama kilipokataa kuwapa ukumbi. Wanatafuta sababu ya kutokuja.”

Sijui. Casilda ni rafiki yangu, na hana tabia hiyo.

Jambo jingine: kabatini nimekuta mkanda mdogo wa sherehe ya miaka tisini ya Chama, waliopiga wenyewe. Nimeutia humu sandukuni. Yule rafiki yako anayegeuza mikanda ya zamani kuwa ya kidijitali anaweza kuushughulikia? Nataka kuuonyesha siku ya mkutano, labda utalainisha mioyo.

Nilda


Rosario, 3 Juni 2015

Mwanangu,

Mkanda umefika salama, na rafiki yangu ameupokea kama aliyeletewa mjukuu.

Habari ya Casilda na Rufino imeninyima raha ya chakula. Taa ikikaa vibaya ndani ya projekta, upande mmoja wa picha hufifia. Hilo hutokea. Lakini utafifia kwa wote: kama ni kulia, ni kulia kwa Casilda, kwa Rufino na kwa askofu. Haiwezekani taa ile ile ikose nguvu kulia kwa mmoja na kushoto kwa mwingine. Mmoja wao amekosea, au wote wawili. Sitaki kusema kama Mzee Peruzzotti anavyosema, lakini kwa upande wa mashine sioni njia.

Tuache maneno, tupime. Nimekuwekea kipima mwanga changu. Kitandikie upya sifongo lake ukimaliza. Keti katikati ya ukumbi, kiti cha katikati cha mstari wa katikati, kama kanuni inavyotaka. Onyesha weupe mtupu, bila picha, kisha kielekeze katikati ya skrini. Tunatafuta kipima kisome arobaini na nane. Ikiwa chini sana ya hapo, wa pembeni wana haki. Ikiwa hapo au juu, basi hatuna tena swali la mwanga, tuna swali la watu, na hilo si somo langu.

Aurelio


Colonia Berardi, 17 Juni 2015

Mjomba,

Nimepima mara tatu ukumbi ukiwa mtupu, kwenye kiti cha Waperuzzotti, ndicho cha katikati kabisa. Umbo la kawaida: sitini na mbili. Umbo pana: arobaini na tisa. Hata lile baya limepita kanuni.

Nilifurahi, halafu nikaona aibu ya kufurahi. Jumamosi nilikwenda nyumbani kwa Casilda na kile kipima chako mkononi, kama polisi mwenye ushahidi.

“Casilda, chombo kinasema mwanga unatosha na kubaki.”

“Basi kije chombo kikae kiti changu kitazame filamu, halafu kinisimulie.”

“Mimi si adui yako.”

“Adui siwezi kukuita. Lakini umekuja nyumbani kwangu kuniambia kwamba sioni ninachokiona.” Akarudi kwenye cherehani. Hakunitengea chai ya yerba. Mjomba, tangu nimjue Casilda sijawahi kutoka kwake bila kunywa kitu.

Nilipofika mlangoni nikamwambia, kama haoni vizuri kule, kwa nini asikae katikati? Viti viko wazi. Akanitazama kama niliyemwambia alale kanisani. “Kiti cha nani? Kina kibao cha shaba, Nilda. Hata wafu wao wana viti.” Ni kweli. Kila kiti cha katikati kina jina la familia ya mwanzilishi, na hakuna aliyewahi kukikalia wakati wa filamu asiyekuwa wa jina hilo, hata watazamaji wakiwa wanane tu. Kile cha marehemu Amalia, mke wa Mzee Peruzzotti, hakijakunjuliwa tangu afariki.

Wiki hii upande wa kushoto wamekuja watu wanne. Sielewi tena ninachotengeneza.

Nilda


Rosario, 1 Julai 2015

Mwanangu Nilda,

Nami sielewi, na nakuambia hivyo kwa sababu mwalimu asiyeweza kulitamka hilo hafai kitu. Nilimuuliza hata daktari wa macho wa mtaa huu kama kupaka rangi mabehewa kunaweza kufifisha macho ya familia nzima. Aliniuliza kama nimelala vizuri.

Nisilolielewa nitaliacha kando, nirekebishe ninalolielewa. Ulisema filamu pana ndizo mbaya zaidi, na kipima kimeonyesha zinapoteza mwanga. Hilo lina dawa. Katika jumba moja la sinema lililofungwa huku, rafiki yangu amehifadhi lenzi ya kuvuta picha upande. Nimekutilia humu sandukuni; inafungwa mbele ya lenzi yako. Unaiamuru projekta iirefushe filamu pana kwenda juu na chini mpaka ijaze kile kipande chote cha vioo, pasibaki ukanda mtupu. Hapo watu wote ndani yake huwa wembamba warefu kama mishumaa. Kisha lenzi huwavuta kwa upana, robo ya ziada, wakarudi kuwa watu. Umbo ni lile lile la mwanzo, lakini vioo vyote vimefanya kazi na mwanga haukumwagika maweni.

Ni mambo mawili yanayokwenda pamoja: amri ndani ya projekta, na lenzi mbele yake. Ukifanya moja ukasahau jingine, usinilaumu kwa utakachokiona. Na filamu ikiwa ya umbo la kawaida, isogeze lenzi kando kwenye reli yake.

Mkanda wa sherehe umekamilika. Uko kwenye diski ndogo. Ni wa umbo la zamani, karibu mraba, kwa hiyo utabaki na giza pande mbili. Usiuvute ujaze skrini, utawanenepesha marehemu.

Aurelio


Colonia Berardi, 22 Julai 2015

Mjomba,

Nilisahau amri.

Ilikuwa likizo ya baridi, ukumbi una watoto, filamu pana ya farasi. Lenzi nimeifunga vizuri, nikajipiga kifua, nikawasha. Farasi akaingia mrefu kama gari la nyama. Shujaa akashuka, ana mabega ya kabati. Watoto walipiga kelele kwa furaha, na mke wa mwokaji mikate akasema kwa sauti, “Hatimaye mwigizaji aliyekula!” Niliitoa amri mbio, na wakakonda mbele ya macho ya wote. Watoto wakazomea, walitaka wale wanene.

Baada ya hapo, Mjomba, picha ilikuwa nzuri ajabu. Nimepima: filamu pana sasa inafika karibu sitini. Ulichosema kimetimia.

Na ndicho kilichotuharibia. Wa katikati sasa wanalalamika kwamba mwanga unawachoma. Kila theluji ikionekana, Mzee Peruzzotti anateremsha kofia. Wa pembeni wanasema giza ni lile lile, na zaidi, maana sasa katikati ya picha kunang'aa na ukingoni kumekufa. Wakati wa mapumziko Rufino alimwambia Mzee, “Mmejiongezea taa nyinyi wenyewe.” Mzee akamjibu, “Mwanga hauna ukoo, kijana.” Mume wa Casilda akasimama. Ilibidi niwashe taa za ukumbi na kuanza kugawa karanga bure.

Hoja ya kuuza imeshabandikwa mlangoni. Wajumbe wenye kura wengi ni wale wa katikati. Hawasemi projekta ni mbovu. Wanasema ni nzuri kupita watu wake.

Nimeongeza mwanga na ugomvi umekua. Niambie jambo la kufanya, au niambie nisifanye kitu.

Nilda


Colonia Berardi, 5 Agosti 2015

Kwa Profesa Aurelio Zanardi, Rosario

Mheshimiwa Profesa,

Hatujaonana tangu harusi ya dada yako, ambako ulicheza vibaya lakini kwa moyo. Nakuandikia kwa cheo changu cha mwenyekiti.

Naomba usitume tena lenzi wala chombo chochote ukumbini kwetu bila Chama kuarifiwa. Mpwa wako ni mchapakazi, lakini amewapa watu wale imani kwamba mashine ina ugonjwa. Haina. Picha yetu inapita ya mjini, nami nina sababu ya kulijua hilo. Projekta ilipoletwa, nilitoa fedha yangu mwenyewe, kwa kumbukumbu ya Amalia, nikanunua na skrini ya kuistahili: skrini ya fedha, iliyotoka katika jumba la kifahari lililokuwa likionyesha filamu za miwani, zile ambazo vitu hukurukia usoni. Muuzaji alinihakikishia kwamba hurudisha mwanga mara mbili ya skrini nyeupe, na kweli, mwanga ukiigusa hung'aa kama sinia la harusi. Kila nikiketi mbele yake nahisi Amalia amewasha taa ya sebuleni.

Ninalokuomba ni hati. Andika, kwa sahihi yako, kwamba mwanga unatosha kwa vipimo vya kitaalamu. Nitaisoma mkutanoni, ili tukifunga ukumbi ijulikane kwamba kilichokosekana ni watu wa kutazama, na kwamba zawadi ya mke wangu haikuwa na kasoro.

Wako kwa heshima,
Ovidio Peruzzotti


Rosario, 12 Agosti 2015

Nilda,

Skrini ya fedha! Kwa nini hukuniambia? Lakini najua kwa nini: sikukuuliza. Ulisema kila kitu ni kipya, nami nikasikia mashine na spika. Kwako ilikuwa kitambaa, na nani huandika barua juu ya kitambaa?

Sikiliza taratibu. Skrini nyeupe ya kawaida hupokea mwanga na kuugawa pande zote, kila kiti kikapata karibu sawa na jirani yake. Skrini ya fedha haigawi. Inaurudisha mwanga kama kioo kilichokwaruzwa: mwingi huenda mbele moja kwa moja, kwa wa katikati na kwako wewe huko juu, na kidogo tu huenda pembeni. Aliye kushoto huona upande wake wa picha na kuupoteza wa mbali. Aliye kulia vivyo hivyo, kinyume chake. Casilda alisema kweli. Rufino alisema kweli. Kipima changu pia kilisema kweli, kwa sababu nilikuagiza ukikalishe kwenye kiti cha Waperuzzotti. Na nilipokuongezea mwanga, niliwaongezea wale wale waliokuwa nao.

Leo hii kapime kutoka kiti cha Casilda. Halafu nenda kwake, na usibebe chombo.

Kuhusu Mzee, hati sitaiandika, na jibu lake linanishinda. Nimechana karatasi mbili. Nitamwambiaje mgane kwamba taa ya sebuleni ya mkewe huwaka upande mmoja? Maelezo hayatamfikia. Itabidi aketi mwenyewe kule, na hilo siwezi kulifanya kwa barua.

Jambo la mwisho. Mkirudi kwenye skrini nyeupe, jiandae: kila mmoja atapata mwanga kidogo kuliko ule wa katikati mliouzoea. Bila ile lenzi, filamu pana zingeshindwa kabisa. Kwa hiyo usiirudishe.

Aurelio


Colonia Berardi, Jumatatu 31 Agosti 2015

Mjomba wangu,

Kutoka kiti cha Casilda: kumi na sita. Nilikitikisa kipima, nikidhani kimekufa.

Nilikwenda kwake mikono mitupu. Nilisema, “Casilda, ulikuwa unaona ulichokiona.” “Nimekuwa nikikusubiri unywe yerba kabla haijapoa,” akasema, na haikuwa hata imetengwa. Nikamweleza yote, na nikamwambia pia kwamba katika ule mkanda wa sherehe yumo Amalia. Casilda alijifunza kushona kwa Amalia. Hakuwa ameuona uso wake tangu mazishi.

Jana kabla ya mkutano nilimfuata Mzee. Sikutaja mwanga wala skrini. Nilisema, “Mzee, tutaonyesha kwanza mkanda wa miaka tisini. Bibi Amalia anacheza humo. Casilda ni mwanafunzi wake, na ameomba amwone vizuri, mara moja tu. Unaweza kumpa kiti?”

“Cha Amalia hapana.”

“Hapana, Mzee.”

“Basi akae changu. Mwanamke hawezi kusimama.” Hiyo ndiyo adabu yake, Mjomba, humkosi Mzee Peruzzotti hapo. Na kwa kuwa viti vya katikati kila kimoja kina mwenyewe, hakuwa na pa kwenda ila kile alichokiacha Casilda. Alikwenda na kofia mkononi, Rufino akimwangalia kutoka upande wa pili kama anayeangalia treni imekosea njia.

Casilda aliketi kwenye ukingo tu wa kile kiti, kama mwenye kuogopa kukichafua. Nikawasha.

Unaukumbuka ule uwanja, na meza ndefu? Amalia anatokea kushoto na sinia, anaondoa nywele usoni kwa kiwiko, anacheka na aliyeshika kamera. Kisha anavuta mtu mkono, wanacheza, wanazunguka hadi upande wa kulia. Pale katikati watu walianza kuguna kwa furaha. Casilda alisema kwa sauti, “Angalia alivyo mzuri, angalia lile gauni, nilipinda mimi ule upindo!”

Kutoka pembeni nikasikia sauti ya Mzee. “Yuko wapi?”

Akainama mbele kitini, akinyoosha shingo.

“Nilda, ongeza taa. Amekwenda wapi?”

“Taa imewaka yote, Mzee,” nilisema kutoka kidirishani.

“Yuko hapo kulia, don Ovidio,” alisema mume wa Casilda, taratibu, bila kejeli. “Anacheza na wewe. Huku kwetu ndivyo inavyokuwa.”

Nilitaka kuuzima mkanda. Niliuacha. Mzee alisimama, akaanza kutembea kandokando ya ukuta, akasimama, akaendelea, na nilimwona akifika njia ya katikati na kubaki hapo amesimama, kichwa kimeinuka, mpaka Amalia alipotoka kwenye picha. Halafu, Mjomba, akarudi. Alirudi kwenye kiti cha Casilda, akaketi, akasema, “Tena kutoka mwanzo.” Nikauonyesha tena, na mara ya pili hakusimama.

Mkutano haukuchukua muda. Mzee aliondoa hoja yake mwenyewe. Alisema skrini ya Amalia itateremshwa, na alisema kwa namna ambayo hakuna aliyethubutu kupiga makofi. Ile nyeupe ya zamani tuliikuta imekunjwa nyuma ya jukwaa chini ya meza za bingo, imegeuka njano. Mume wa Casilda anasema karakanani wana bomba la kupulizia rangi linaloweza kupaka behewa zima bila alama ya mkono, na kwamba skrini si ngumu kuliko behewa. Wataifanya Jumamosi. Amenituma nikuulize ni nyeupe ya aina gani, isiyong'aa. Mjibu upesi, maana wakikosa jibu watatumia ile ya vyoo vya daraja la kwanza.

Nilda


Colonia Berardi, 9 Septemba 2015

Mheshimiwa Profesa,

Ombi langu la hati naliondoa.

Skrini ya mke wangu imekunjwa kwa mikono ya Casilda Maciel, anayejua kukunja, na iko nyumbani kwangu. Nyeupe imetundikwa. Jumapili tulionyesha filamu pana, kwa lenzi yako. Katikati mwanga umepungua. Familia yangu wamelalamika, nami nimewaambia waje pembeni walinganishe. Wawili wamekuja.

Mpwa wako anasema sasa ni thelathini na kitu kutoka kila kiti, na kwamba bado haijafika kanuni. Tafadhali andika, kwa maneno ya mtu wa kawaida, Chama kinunue taa ya namna gani na lini, ili tufike. Hili ni agizo la mkutano, halikutoka kwangu.

Mimi naketi mstari wa Wamaciel kwa sasa, kuhakikisha kazi imefanywa sawasawa. Kiti hiki kinabana magoti na mgongo wake umelegea. Nimewauliza wamekivumilia tangu lini. Wamesema tangu ukumbi ujengwe. Katika mkutano ujao nitalileta suala hilo.

Wako,
Ovidio Peruzzotti